Mnapita Tabora mmelala, sisi ndo tunaishi hapo

Kila nikiwa safarini mtu akaniuliza natokea wapi nikamwambia Tabora, najua kabisa kinachofuata. Atasema "aah Tabora, nilishapitaga hapo na treni, ilikuwa usiku sikuona kitu", au atasema "asali eeh?" alafu anageukia dirishani, maongezi yameisha. Mwaka juzi kwenye basi kutoka Singida kuna kijana mmoja, mpole tu wala hakuwa na nia mbaya, aliniuliza "sasa dada, Tabora huwa mnafanya nini?" Nikamjibu "tunaishi", nikanyamaza, lakini swali lile lilinikaa kichwani mpaka Nzega na kutoka Nzega mpaka nashuka, maana majibu nilikuwa nayo mengi na hakuna hata moja ambalo lingeenea kwenye safari iliyobaki. Kwahiyo leo nayaandika.

Mi ni mtoto wa Ng'ambo, hapahapa Tabora mjini. Mama yangu aliuza chakula stesheni ya Tabora toka sijaanza darasa la kwanza mpaka miguu ilipomgomea, na mimi nimekulia pale kati ya ndoo ya wali na dirisha la behewa. Wengine walijifunza watu shuleni au kanisani, mi watu nimewajua wakiwa wamechungulia dirishani na njaa, wana dakika chache, na hawatarudi kuniona tena maisha yao yote. Ukimjua mtu katika hali ile umemjua.

Kwa wasioelewa, Tabora ndo njia panda ya reli. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, alafu Waingereza wakaja kutoa tawi la kwenda Mwanza likafika kule 1928. Kwahiyo treni ya abiria kutoka Dar ikifika kwetu ilikuwa inakatwa. Mabehewa ya Kigoma yanawekwa upande wake, ya Mwanza yanaungwa na kichwa kingine, na watu wa Mpanda wanashuka na mizigo yao na watoto wao wanasubiri treni yao, ambayo inakwenda na njia ya Kigoma mpaka Kaliua ndo inachepuka. Kukata na kuunga huko kulikuwa na kelele zake, gwa gwa gwa, behewa zinagongana usiku wa manane, mgeni anaruka kitandani, sisi tunageuka upande wa pili tunaendelea kulala. Mpaka leo nikilala mahali pasipo na sauti ile naona kama kuna kitu hakijafungwa.

Sasa mama hakuwa na saa ya mkononi. Saa yake ilikuwa majina ya stesheni. Jirani yetu alikuwa mtu wa reli, akipita na baiskeli nje ya uwa anapaza sauti tu, "Mama, iko Malongwe!" na mama anaendelea kuchambua mchele bila haraka. "Iko Goweko!" maji yanabandikwa. "Imeacha Igalula!" mchele unaingia sufuriani, kuku wanatolewa kwenye mafuta, sisi watoto tunaamshwa kuvaa viatu, na treni ikipiga honi kule mwisho wali ndo unapakuliwa unafuka. Ratiba ilisema saa za jioni lakini treni ilikuwa inafika muda inaotaka yenyewe, saa tatu usiku, saa nane, wakati mwingine kumeshapambazuka, na sikumbuki hata siku moja abiria kala wali wa mama ukiwa umepoa. Nimefanya kazi Dar sehemu zina kompyuta na vikao vya kila Jumatatu na sijaona mpango uliokaa vizuri kuliko ule wa Malongwe, Goweko, Igalula.

Na salamu. Hapo ndo wageni wanatushangaa hadi kesho. Abiria ametoka Dar ana safari ya zaidi ya kilomita 800 mgongoni, ana njaa, anapiga kelele dirishani "we mama wali shilingi ngapi, wali shilingi ngapi!" na mama anasimama, anaweka sinia vizuri kichwani, anasema "Shikamoo baba, poleni na safari, mmeamkaje huko mlikotoka?" Yule baba anabaki mdomo wazi, inabidi aseme marahaba, inabidi aseme salama, na akishasema salama sauti imeshashuka yenyewe anauliza bei kama mtu aliyekaa sebuleni. Wanawake wa Kinyamwezi wenye umri wake akiwakuta humo ndani ni "mwangaluka mayo" na mwangaluka inajibiwa taratibu, haikatizwi, hata kama kichwa kimeshapiga honi. Wauzaji wengine walikuwa wanamwambia unapoteza wateja kwa salamu. Sio kweli, mi ndo nilikuwa nahesabu hela usiku, tulikuwa tunamaliza ndoo kabla yao.

Hapa niseme kitu kuhusu chenji maana ndo kiini cha haya yote.

Biashara ya dirishani ina shida moja, treni inaondoka. Mtu katoa noti, unatafuta chenji kwenye kanga, kichwa kimevuta, unakimbia na behewa unakimbia, mkono wake uko nje na wa kwako uko juu na havikutani. Kwa wauzaji wengi hiyo ilikuwa bahati, anarudi anacheka, "Mungu kanipa". Mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Akirudi nyumbani anachukua kipande cha boksi la kiberiti ananiambia andika, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri: Kigoma, mzee kofia nyekundu, 350. Mwanza, kijana wa shule, jino limevunjika, 100. Kipande kinafungwa na hela yake kwa raba, kinaingia koponi, kopo linarudi juu ya kabati.

Nilivyokuwa darasa la sita hivi nilimwambia mama hawa watu hawarudi, tununue hata sukari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "hela hii ni ya nani?" Nikasema ya yule mzee. Akasema "sasa unaniuliza nini?" Akaendelea kusuka mkeka.

Na wapo waliorudi! Sio wengi, ila wapo. Kuna mama mmoja wa Uvinza alipita tena baada ya miezi minne, mama yangu akamwona dirishani akamtambua kwa kipini cha pua, akaanza kuniita mimi nikimbie nyumbani kuleta kopo, nikakimbia Ng'ambo na kurudi nimetapakaa vumbi mpaka kope, na treni kwa bahati ilikuwa bado inapangwa. Yule mama alikuwa ameshasahau kabisa, alishika kile kiboksi akasoma maneno yangu, "Uvinza, mama kipini, 450", akacheka mpaka akalia. Toka siku hiyo kila akipita alitushushia dagaa wa Kigoma, furushi la maana, na mawese akiwa nayo, kwa miaka, na mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa namkumbuka, na jina lake sikuwahi kulijua, tulikuwa tunamwita Mama Kipini.

Asali nayo niizungumzie kidogo ingawa najua ndo kitu pekee mnachokijua kwetu. Asali yetu nyingi inatoka misitu ya miyombo huko Sikonge na kwingine, warina asali wanaingia porini wiki na wiki wanakaa kambi, mizinga mingine mpaka leo ni ya magome, inaning'inia juu ya mti ukipita chini unaisikia. Watu wa Dar wanakuja na vipimo vyao, mara wachovye njiti ya kiberiti waone itawaka, mara wadondoshe kwenye maji, mara wapake kwenye gazeti. Mama alikuwa anawaangalia tu kwa upole. Yeye alinunua kwa mrina asali mmoja, mtu wa Sikonge, miaka yote ile, na kama huyo mzee hajaja basi mama hauzi asali mwezi huo, anakaa na chupa tupu na abiria wanaililia. Kuna muuzaji mwenzake, simtaji, aliwahi kuchemsha sukari na maji ya majani akajaza chupa zote za biashara, akauza treni nzima usiku mmoja. Alipata hela kweli. Ila unajua treni haiendi tu, inarudi pia, na ile ya kurudi kutoka Mwanza ilikuja na abiria watatu wameshika chupa zao mkononi wanauliza yuko wapi, na aliyeona aibu siku ile ni stesheni nzima, sisi wote tulishindwa kuuza tukawa tunatazama chini. Kwahiyo nikiulizwa asali halisi naijuaje, jibu langu ni jina la mtu. Na ikiganda wakati wa baridi usiitupe jamani, asali inaganda, iweke juani irudi.

Basi mambo ya kupita na kusubiri sio mapya kwetu. Zamani sana kabla ya reli njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapahapa, na ikigawanyika hapahapa, wa Ujiji huku, wa Ziwa Victoria huko, na mabega yaliyobeba yale mapembe na vitambaa mengi yalikuwa ya babu zetu Wanyamwezi. Livingstone mwenyewe mwaka 1872 alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, miezi kama mitano, kuanzia Machi mpaka Agosti, anasubiri wapagazi watumwe kutoka pwani. Tembe alilokaa lipo mpaka leo ni makumbusho. Shule ilitupeleka na mwalimu wetu akasema neno moja limenikaa, alisema "hata huyu alisubiri Tabora". Tulicheka ila nilipokua nikaona ndo maelezo mazuri kuliko yote ya mji wetu. Nyerere naye alishuka stesheni hii kama kijana wa shule mwaka 1937 akaja kusoma Tabora School, akarudi tena baada ya Makerere kufundisha St. Mary's, na Januari 1958 wakakutana hapahapa wana-TANU wakabishana weee mpaka wakakubali kuingia ule uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ndo tunaita Uamuzi wa Busara. Sasa mtu anavyoniambia Tabora hamna kitu mi huwa namwangalia tu usoni.

Yule jirani yetu wa reli ndo alitufundisha pia habari ya dhahabu. Alifanya kazi karakana, na alikuwa anasimulia kwa kujivuna kama alikuwepo, kwamba mwaka 1916 Wajerumani wamebanwa na vita hela zimewaishia, wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakagonga sarafu za rupia 15 kwenye karakana ya reli, hapo Tabora, upande mmoja tembo kainua mkonga. Ni kweli kabisa, ziligongwa zaidi ya 16,000 kabla Wabelgiji hawajauchukua mji Septemba mwaka huohuo. Sisi watoto tulichimba uwa wote wa mama kutafuta hata moja. Tulipata kijiko na msumari wa reli, na msumari ule bado unafungia mlango wa jikoni.

Alafu miembe. Jamani miembe! Tabora ukiiangalia kwa juu unaona miti alafu ndo unaona bati chini yake. Wazee wanasema ilianza na kokwa za watu wa misafara, wanakula wanatupa, na ukiangalia inavyojipanga kufuata njia za zamani unakubali. Mwezi wa kumi kabla ya mvua joto linapanda mtu unaongea maneno machache kwa siku, na hapo kila kitu kinahamia chini ya mwembe. Fundi baiskeli yuko chini ya mwembe, kinyozi yuko chini ya mwembe, kahawa na kashata chini ya mwembe, bao linachezwa hapo, posa inajadiliwa hapo, kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya mtu inaisha hapo bila kufika kwa mtendaji. Kuna wazee pale karibu na kwetu wanabishana toka niko mtoto kwamba bendi gani ilikuwa kali, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids, na hakuna aliyewahi kushinda, akifariki mmoja mwanae anakuja kukaa kwenye kigoda chake anaendeleza upande wa baba yake.

Msimu wa embe ukifika hakuna anayekuuzia jirani yako embe, utaonekana una tatizo. Unaletewa ndoo, na wewe una ndoo yako, unapeleka kwa mwingine, ndoo zinazunguka mtaa mzima mpaka hujui yako ni ipi. Nilipokuwa Dar nilimwona mtu ananunua embe moja, moja! kwa hela ambayo kwetu unajaziwa gunia, nikasimama pale sokoni machozi yananilenga. Mwaka mmoja Desemba nilikuja likizo na rafiki yangu wa kazini, mtoto wa Temeke, tumelala chumba cha mbele. Usiku pa! juu ya bati. Kimya. Pa! pa! Kaniingia mgongoni ananong'ona "kuna watu juu ya nyumba". Kutoka chumba cha pili sauti ya mama, hajaamka vizuri hata, "Lala mwanangu, ni embe." Kulipokucha aliokota beseni mbili uwanjani. Mpaka leo akinipigia simu hasemi hujambo, anasema "lala mwanangu ni embe".

Nilikaa Dar miaka saba, 2003 mpaka 2010. Sisemi Dar vibaya, imenilisha. Ila nataka kuwaambia kitu kimoja mama alikuwa anafanya. Alikuwa ananitumia mzigo, matobolwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, karanga, uyoga mkavu wakati wa masika, na alikuwa hatumii ofisi yoyote ya vifurushi. Anaenda stesheni, anatembea na madirisha ya treni inayoteremka Dar, anaangalia sura. Akipata sura aliyoipenda anasalimia, kama kawaida, alafu anasema "baba, binti yangu atakuwa Dar stesheni, atavaa kitenge cha njano, naomba umpe." Mtu hamjui! Hamjui jina, hana namba yake ya simu, miaka ile ya mwanzo hata mama mwenyewe simu hana. Na mi nasimama na kitenge changu cha njano, mtu anatokea kwenye umati na furushi, "wewe ndo wa Tabora?" Miaka saba, mizigo sijui thelathini sijui arobaini, haukufika mmoja tu, na huo mama anasisitiza kwamba yule kaka lazima aliumwa njiani. Nilimuuliza unaangaliaga nini usoni mwa mtu mpaka unajua? Alisema anaangalia aliyemwitikia salamu mpaka mwisho.

Mwishoni mwa 2009 mafuriko ya Kilosa yakabeba reli, na treni za abiria zikasimama miezi. Nilikuja nyumbani mwanzoni mwa 2010 kwa basi, vumbi tupu, wakati huo lami ilikuwa haijatufikia vizuri, nikafika nimebadilika rangi. Mama hakuwa nyumbani. Nikamkuta stesheni amekaa kwenye ukingo wa jukwaa na wenzake wawili watatu, hawana masinia, hawana kitu, wamekaa tu wanaangalia reli imeanza kuota majani katikati. Nikamuuliza mnafanya nini. Akasema "tumezoea kukaa hapa saa hizi." Nilikaa nao. Sikuongea. Nilikuwa nimekuja kwa wiki mbili na sikurudi Dar tena, niliandika barua ya kuacha kazi juu ya meza ileile ya kuchambulia mchele, na sijajuta siku hata moja.

Kipindi kile ndo nimeuona mji huu ulivyo. Wale wa stesheni walihamia stendi ya mabasi na wale wa stendi, ambao biashara yao ilikuwa ndogo tayari, wakasogea. Wakasogea kweli, benchi inaongezwa, "kaa hapo mayo, na wewe kaa". Mama wa stendi mmoja alimpa mama yangu upande wa kivuli, yeye akahamia upande wa jua, kwasababu alisema mama ni mgeni. Mgeni! Mtu kazaliwa hapahapa, wametofautiana mitaa miwili.

Sitaki kusema uongo, mji una shida zake. Maji yalitutesa miaka mingi, tuliamka saa kumi usiku kuwahi foleni ya bomba na ndoo, ndo maana maji ya Ziwa Victoria yalipotufikia kuna bibi mtaani kwetu alijaza kila chombo ndani mpaka bakuli za chai, hakuamini yatatoka na kesho. Kazi za kuajiriwa ni chache na vijana wanaondoka. Na ukitaka kufanya jambo kwa siri Tabora utachoka, hapa ukinunua kilo mbili za nyama siku ya katikati ya wiki, kufika nyumbani wameshajua una mgeni na wameshajua ni wa upande wa mumeo. Ila hiyo ya mwisho siihesabu kama shida, mama alipoanguka bafuni mwaka ule walioingia wa kwanza ni waliokuwa wanatuchungulia.

Na furaha tunaijua. Novemba 2024 Nyuki wa Tabora, timu yetu ya mpira Tabora United, walienda Dar wakaifunga Yanga 3-1. Tatu! Kwao! Mimi ni Yanga toka tumboni, mama ni Yanga, nusu ya mtaa ni Yanga, na wote tulitoka nje tunashangilia, tumejikuta tu tuko barabarani, mtu unapiga sufuria huku moyo unakuuma upande. Bajaji zilizunguka mji zinapiga honi mpaka mafuta yakaisha zikawa zinasukumwa na bado zinapiga honi. Kesho yake sokoni muuza nyanya alinipunguzia bei bila kuombwa. Nikamuuliza vipi? Akasema "jana tumeshinda".

Sasa hivi SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, inajengwa kuja huku, na mimi naisubiri kwa hamu sana, nataka nipande asubuhi nifike Dar bado nina nguvu ya kutembea. Ila kuna swali linanisumbua na sijapata wa kumuuliza. Itasimama Tabora dakika ngapi? Madirisha yake yanafunguka? Maana treni yenye haraka haina muda wa shikamoo, na watu wakianza kutupita mchana wamefunga vioo itakuwa ni zaidi ya kutupita usiku wamelala. Mi ombi langu ni dogo tu, watuachie hata robo saa na sehemu ya kuweka sinia. Mengine tutayafanya wenyewe.

Mama yupo, mzee sasa, anakaa kibarazani chini ya mwembe. Biashara naifanya mimi, nina mgahawa mdogo njia ya kwenda stesheni, na treni ya zamani bado inakuja. Yule jirani wa reli alishatangulia mbele ya haki lakini mwanae ana pikipiki, na akipita usiku anapunguza mwendo, "Dada, imeacha Igalula!" na kabla sijatoka kitandani nasikia mama chumba cha pili anauliza "umeshabandika maji?"

Na kopo lipo. Juu ya kabati lilelile. Juzi nilikuwa nafuta vumbi nikalifungua, nyingi ya hela zile za sarafu hazinunui hata pipi leo, ila vipande vya boksi vimetulia na mwandiko wangu wa utoto. Kuna kimoja ni cha 2001, hicho nakikumbuka vizuri kwasababu aliyekuwa anatafuta chenji siku ile ni mimi, nilikuwa mzito kidogo treni ya Mpanda ikavuta, nikaikimbiza mpaka mwisho wa jukwaa na mkono wa yule mama bado uko nje. "Mpanda, mama ana mapacha wa kike, wamesukwa mabutu, 600." Alinunua chapati sita na chai mbili za watoto, akatoa noti ya elfu moja. Wale mapacha walikuwa kama miaka mitatu hivi, mmoja alikuwa ananipungia. Sasa ni watu wazima, pengine nao wana watoto. Kama mnawafahamu waambieni waliwahi kunywa chai Tabora, na hela ya mama yao ipo, waje wakati wowote, waulize tu stesheni kwa mama wa kopo wataonyeshwa.